Siku ya kura, usiiamini simu

Ndugu zangu wa Uganda, jina la kituo chako na namba yako kwenye daftari ziandike kwenye karatasi, tena mapema. Mwaka 2021 intaneti ilizimwa siku moja kabla ya kupiga kura, na mwaka 2026 ikazimwa tena. Asubuhi ya kura niliona watu wazima wakizunguka kituo hadi kituo, simu mkononi, hawajui majina yao yamebandikwa wapi. Inauma.

Mashine ya alama za vidole nayo ina mambo yake. Mbele yangu mama mmoja muuza mihogo aliweka kidole mara nne, ikakataa. Vidole vya kazi vimesuguka! Alikuwa ameshageuka aende zake, tukamwomba angoje. Akafuta mikono kwa kanga, akajaribu kidole kingine, ikakubali. Kwa hiyo beba kitambaa safi, na ikigoma usiondoke: mwombe msimamizi akutafute kwenye daftari la karatasi, lenye picha yako. Januari 2026 mashine zilipokwama vituo vingi, Tume ya Uchaguzi yenyewe iliagiza daftari hilo litumike.

Maji na mwavuli, unajua mwenyewe jua la Januari.

Foleni ndefu isikukatishe tamaa. Ukiwa kwenye mstari saa kumi jioni inapogonga, una haki ya kupiga kura. Ukiweza, baki uone hesabu. Kura huhesabiwa palepale kituoni, hadharani, karatasi moja moja.