Acha chupa moja ya maji katikati ya mteremko

Mnaposhuka bondeni kwenda mtoni jua la Kaskazi likiwa kali, msibebe maji yote hadi chini. Mimi na shoga yangu tumejaribu hivi wiki iliyopita huku Pemba, na sasa siachi. Mkifika nusu ya mteremko, ficheni chupa ya lita moja na nusu nyuma ya shina, mahali ambapo kivuli kitakuwepo hata saa nane mchana, na mfunge kitambaa cha rangi kwenye tawi ili mpaone. Kushuka hakuchoshi, ndiyo maana watu humaliza maji huko chini, halafu kilima kinawasubiri. Chupa hii hamwezi kuinywa mapema, mzigo unapungua, na mnaikuta pale pale kiu inapobana. Msitegemee maji ya mto: si ya kunywa bila kuchemshwa, na kichocho bado kipo Pemba, kwa hiyo hata kuoga humo sishauri. Haifai mkirudi kwa njia nyingine, wala penye tumbili. Na kila mtu abaki na chupa yake ndogo. Mmoja akiteguka mguu huko chini, ile ya juu haimsaidii.