Sato jike ana watoto mdomoni: tega nyavu nje ya mafunjo

Sangara jike humwaga mayai kwa mamilioni katika maji ya wazi na kuendelea na safari yake. Sato, yule tilapia tunayemvua Ziwa Victoria, hayuko hivyo. Jike hutaga mayai mia kadhaa, na hata akiwa mkubwa hayazidi sana elfu moja au mbili, kisha huyazoa yote mdomoni. Humo ndimo yanamoanguliwa. Vifaranga wakishaanza kuogelea, hurudi mbio mdomoni mwa mama kila wanapohisi hatari. Malezi hayo huchukua kama wiki mbili, na muda wote huo mama hali, au hula kidogo mno. Ukimnasa kipindi hicho, umetoa ziwani samaki mmoja wa kuuza pamoja na kizazi kizima ambacho hakuna atakayekinunua.

Malezi haya hufanyika kwenye kina kifupi, karibu na matete na mafunjo, mahali ambapo wengi wetu hupenda kutega kwa sababu ni karibu na mwalo, tunapopakulia samaki, na petroli haitumiki nyingi. Kabla ya kutega, pita hapo asubuhi upepo haujaanza, uzime mashine, uchungulie chini. Sato dume huchimba shimo la mviringo kwenye mchanga au tope, na pale maji yanapoonyesha utaliona kama doa jeupe lenye upana wa beseni, mwenyewe akilizunguka na kufukuza kila anayesogea. Ukiona mashimo kadhaa pamoja, hayo ni mazalia. Usitege hapo. Waambie viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni, waweke maboya ya alama, ili mwenzako naye asije akatega usiku bila kujua.

Nyavu za makila, zile zinazosimama majini na kunasa samaki kwenye macho yake, zipeleke nje, kwenye maji ya kina zaidi. Macho ya inchi 6 humwachia sato mdogo apite, na anayebaki ni yule ambaye mnunuzi atamlipa bei nzuri. Timba, nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zikatae kabisa: hata kipande kilichokatika na kuzama huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewatoa.

Katuli ndiyo inayoniuma zaidi. Unazungushia wavu kwenye matete, unapiga maji kwa mti, samaki wanatoka kwa hofu na kuingia wavuni. Mama aliyeshtuliwa hivyo hutema mayai, na mayai yaliyotemwa ni chakula cha furu na samaki wengine waliopo hapo. Kokoro nalo, wavu unaokokotwa hadi nchi kavu, hukwangua mashimo yote hadi ufukweni. Tanzania imepiga marufuku njia hizi kupitia Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake, lakini hata doria isipopita, hasara ni ya mwalo wenu wenyewe.

Kwa mwenye mtumbwi mdogo, ndoano ni njia nzuri kuliko inavyodhaniwa. Jike mwenye mayai mdomoni hana haja na chambo, hivyo ndoano humpita na kumchukua aliye na njaa. Ukinasa jike kwa wavu, mtazame chini ya taya: kidevu kikiwa kimevimba na kulegea, au ukiona mayai ya njano yakidondoka, mtoe kwenye macho ya wavu taratibu angali ndani ya maji na umwachie. Usimnyanyue kwa matamvua.

Hata samaki wachache watakulipa ikiwa watafika hawajaharibika. Beba barafu kutoka nchi kavu, kilo moja kwa kilo moja ya samaki, na uwapange kwa tabaka ndani ya boksi lenye kifuniko. Samaki aliyelala juani kwenye sakafu ya mtumbwi hadi saa nne asubuhi ameshapoteza bei kabla ya kufika mwaloni.

Na wale mnaovua kwenye maziwa madogo yanayozunguka Victoria, msihamishe sato hai kutoka ziwa moja kwenda jingine, hata kwa nia njema ya kuongeza samaki. Sato tunayemvua Victoria aliletwa humo miaka ya 1950, na ngege, tilapia wa asili wa hapo, karibu atoweke katika ziwa hilo kubwa. Amebaki katika maziwa madogo kama Kanyaboli, huko Siaya nchini Kenya, na hata humo sato amekwisha kuzaana naye. Kama mnataka kupandikiza samaki, mwiteni kwanza afisa uvuvi aje alione ziwa lenyewe.