Huduma mkoba ya kupima mlango wa kizazi ikija mtaani kwenu, nenda hivi

Huduma mkoba ni ile timu ya afya inayokuja na hema kupima watu mtaani. Gari la matangazo yake likipita na spika "wakina mama wote mnatangaziwa", wengi wetu tunasikiliza na ufagio mkononi halafu tunaendelea kufagia. Mi mwenyewe nimefanya hivyo miaka miwili mfululizo, mpaka shangazi yangu aliyekoma hedhi zamani akaanza kutoka damu tena ndo nikashtuka. Kwaiyo haya nayaandika kwa wale ambao bado wameshika ufagio.

Kwanza ujue unaenda kutafuta nini. Saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na kirusi kinaitwa HPV, kinapita kwa kujamiiana, karibu kila mtu anakipata na mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe. Kikigoma kutoka ndo kinaanza kubadilisha seli taratibu, kwa mwenye kinga nzuri inaweza kuchukua miaka 15 hadi 20 mpaka iwe saratani, kinga ikiwa imeshuka hata 5 hadi 10. Huo muda wote huumwi popote, hamna dalili, na ndo maana ile kauli ya "mbona mi mzima" haina maana hapa. Wanaolengwa zaidi ni wa miaka 30 hadi 50, wanaoishi na VVU wanaanza mapema na wanarudi mara nyingi zaidi.

Siku ya kwenda chagua usiwe kwenye siku zako. Siku mbili kabla usikutane na mwenzi, usiweke dawa yoyote ukeni na tafadhali usijisafishe ndani na sabuni wala ndimu, najua utaona aibu kwenda bila "kujiandaa" ila manesi hawaendi kukunusa, wanataka kuona mlango wa kizazi ulivyo. Oga kawaida. Vaa dera au sketi, suruali ya kubana utaijutia, beba na kanga ya kujifunika. Kojoa kabla ya kuingia.

Ndani sasa, hapa ndo watu wanatishana. Unalala chali umekunja magoti, nesi anaingiza kifaa kama mdomo wa bata kinapanua njia, kinakera kidogo, ukijikaza kinakera zaidi, so vuta pumzi uachie makalio yazame kitandani. Anapaka siki, ndio siki, asidi ya asetiki ile ile isipokuwa imepimwa iwe asilimia 3 hadi 5, anasubiri kama dakika moja halafu anamulika taa. Sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Imeisha. Foleni ya nje ni ndefu kuliko kipimo chenyewe. Kama hutaki mhudumu wa kiume sema mapema pale kwenye kuandikisha, hakuna atakayekushangaa. Na aliyekoma hedhi aseme pia, mana ile sehemu inayoangaliwa inakuwa imerudi ndani na siki haiaminiki sana kwake, anaweza kuelekezwa kipimo kingine.

Ukiambiwa kuna weupe usianze kuita ndugu. Weupe mara nyingi sio saratani, ni seli zinazoweza kuja kuwa saratani, na kama eneo ni dogo wanaweza kukutibu siku hiyo hiyo kwa kugandisha na gesi ya baridi au kuchoma kwa kifaa cha joto, dakika chache. Baada ya hapo utatoka majimaji wiki kadhaa, tumia pedi, na tendo la ndoa unapumzika kama wiki 4. Hiyo wiki 4 ndo ugomvi wa ndani ya nyumba unapoanzia, so mwambie baba watoto kabla hujaenda, au muombe nesi aongee naye kama yuko hapo nje. Weupe ukiwa mkubwa, au wakiona kitu hawakielewi, watakupa rufaa ukachukuliwe kinyama kipimwe maabara. Kwa Dar rufaa za saratani zinaishia Ocean Road, ile taasisi ya saratani, na uchunguzi wenyewe unaweza kwenda kufanyiwa pale pale bila kusubiri gari la matangazo.

Sasa kitu ambacho mimi ningekiweka juu ya vyote. Hema linakunjwa jioni na timu inaondoka, wewe unabaki. Usinyanyuke kwenye ile meza hujaandikiwa kwenye karatasi: jibu lako, tarehe ya kurudi, jina la kituo utakachorudi na namba ya simu ya kituo. Piga picha karatasi. Nimeona wamama wanaambiwa "tutawapigia" na namba waliyoacha ni ya laini ya mtoto iliyopotea zamani. Usipokutwa na weupe mara nyingi unaambiwa urudi baada ya miaka 3, mwenye VVU mapema zaidi.

Na ukiwa pale pale uliza vingine, timu nyingi zinakuja na uzazi wa mpango, yaani vijiti, sindano na kitanzi, kama ulikuwa unawaza kitanzi ulizia kama kinawekwa siku hiyo hiyo, usipande kitanda mara mbili.

Binti wa nyumbani mwenye miaka 9 hadi 14 yeye hahitaji kupimwa, anahitaji chanjo ya HPV. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima 2018 kwa dozi mbili, tangu 2024 ni dozi moja tu, begani, bure. Muulize mwalimu wake kama alichomwa, yeye mwenyewe atakwambia ndio ili umuache.