Kutembea uwanja wa vita vya Tanga vya 1914: anzia Raskazone, si mjini

Wageni wengi huanza mjini kwenye boma la Wajerumani, kisha huchukua bajaji hadi Raskazone kupunga upepo. Kwa mpangilio huo vita huvielewi. Anzia Raskazone uelekee magharibi, upande walioelekea wavamizi wa Kiingereza tarehe 4 Novemba 1914, walipotaka kuwapokonya Wajerumani mji. Ni kama kilomita 3 hadi mjini. Ukiwa unasimama kutazama, tenga muda wa saa mbili na nusu.

Ukitokea Dar es Salaam, fika stendi ya Kange siku moja kabla. Safari ya Chalinze na Segera ni ndefu, na anayeshuka basi mchana akaanza kutembea papo hapo huishia kivulini na soda. Saa 12:30 asubuhi uwe Raskazone, na maji lita 2 na viatu vya kufunika mguu. Jua litakuwa mgongoni kwako. Wenzako wa 1914 walisonga mbele mchana, jua likiwageukia usoni, na wengi wao walikuwa wametoka India wakiwa wamebanana melini kwa wiki kadhaa.

Kituo cha kwanza ni ufukweni. Tazama kingo, kisha hesabu siku. Asubuhi ya tarehe 2 meli ya kivita HMS Fox ilikuja kudai mji usalimu amri, wakati mjini karibu hapakuwa na askari. Wanajeshi walianza kushushwa usiku huo, na shambulio kubwa likaja tarehe 4. Katika siku hizo mbili, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa akileta makampuni yake ya askari kwa treni kutoka Moshi. Ukilishika hilo, umeshajua nusu ya sababu za wavamizi 8,000 kushindwa na watetezi kama 1,000.

Ukianza kutembea, usitafute uwanja mweupe. Siku hizi ni nyumba, kuta na miembe. Wakati ule yalikuwa mashamba na vichaka vizito. Kila mita 200 simama, uangalie unaona umbali gani. Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza, hakutuma wapelelezi wa maana. Lettow-Vorbeck alikwenda mwenyewe kukagua usiku, kwa baiskeli.

Ukikaribia mji, tafuta reli. Hapo usiharakishe. Mfereji uliochimbwa kupitisha njia ya treni ndio uliowapa watetezi handaki la bure. Baadhi ya Waingereza na askari wa Kashmir waliuvuka wakaingia mjini, lakini upande wao wa kushoto, yaani kusini, ulivunjika ulipopigwa kutoka ubavuni. Simama ukiwa umeelekea mjini, nyoosha mkono wa kushoto: pigo lilitokea huko. Tarehe 5 wavamizi walirudi melini, wakaacha bunduki, rashasha na risasi kwa malaki.

Kabla ya kupiga picha karibu na reli, bandari au hospitali ya Bombo, omba ruhusa. Kosa hilo ndilo linaloharibu matembezi haya haraka kuliko mvua ya vuli.

Na ukiambiwa nyuki waliowauma wavamizi walitegwa makusudi na Wajerumani, usiandike kwenye daftari. Mizinga ya nyuki ilitibuliwa na risasi, na nyuki hawakuchagua bendera: wapiga rashasha wa Kijerumani nao waliumwa.