Kutoka Heathrow hadi stesheni ya treni mkiwa na watoto na mabegi: anza kwa kuhesabu mikono

Begi moja la kilo 23 halimshindi mtu mzima. Mabegi sita ya namna hiyo, kigari cha mtoto, mtoto aliyelala begani na bibi anayetembea kwa mkongojo ni habari nyingine kabisa. Wengi wakipanga safari hii ya kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, London, hulinganisha dakika na nauli tu, kisha wakanaswa mahali ambapo ramani haikuwaonyesha: kwenye ngazi, kwenye mageti ya tiketi, na wakati wa kubadili treni. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, hesabuni mikono yenu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtu mzima asiyebeba kitu kingine anaweza kuburuta mabegi mawili makubwa yenye magurudumu. Anayesukuma kigari au aliyebeba mtoto amebaki na mkono mmoja, kwa hiyo begi moja. Mtoto wa miaka 9 au 10 anamudu begi dogo la ndani ya ndege. Aliye mdogo zaidi mhesabie sifuri, maana yeye mwenyewe anahitaji mkono wa kumshika. Wazazi wawili wenye watoto watatu, mmoja wao wa kigari, uwezo wao ni mabegi makubwa matatu. Tatizo ni kwamba familia hiyohiyo, ikiwa ndege inaruhusu mabegi mawili kwa kila mwenye kiti na yule wa kigari amepakatwa, inaweza kushuka na mabegi manane.

Toroli za pale uwanjani zinadanganya. Ukiwa nayo unaona mzigo wote umekaa vizuri, lakini usitegemee kuingia nayo ndani ya treni wala kuikuta nyingine mbele ya safari. Jaribuni nyumbani kabla ya kuondoka: fungeni kila kitu, tokeni nje, tembeeni mita 200 kila mtu na mzigo wake, kisha pandeni hatua kumi. Mkishindwa hapo, treni siyo njia yenu, na ni afadhali kulijua hilo mapema.

Stesheni ipi?

London haina stesheni kuu moja, na kukosea hapa ni kosa ghali kuliko yote. Wanaokwenda Reading, Oxford, Bristol, Cardiff au Swansea hupandia Paddington. Birmingham, Coventry, Milton Keynes, Manchester, Liverpool na Glasgow ni Euston. Leeds, York, Newcastle na Edinburgh ni King's Cross. Leicester, Nottingham, Derby na Sheffield ni St Pancras, ambayo inatazamana na King's Cross ng'ambo ya barabara. Norwich, Ipswich na Colchester ni Liverpool Street. Southampton na Portsmouth ni Waterloo. Treni za kwenda Birmingham zinatoka pia Marylebone, kwa hiyo soma jina la stesheni kwenye tiketi yako. Usikisie kwa jina la mji.

Kama mnaelekea magharibi, jiulizeni kama kuna haja ya kuingia London hata kidogo. Kuna basi liitwalo RailAir linalotoka Heathrow moja kwa moja hadi stesheni ya Reading, na Reading ndipo treni nyingi za Bristol, Cardiff na Exeter zinaposimama. Mabegi yanaingia kwenye buti la basi, watoto wanakaa, na mnashuka mlangoni mwa stesheni. Foleni ya barabarani huweza kuchelewesha, lakini mmebadili chombo mara moja tu. Vilevile yapo mabasi ya masafa marefu ya National Express kutoka kituo kikuu cha mabasi, kilicho kati ya Terminal 2 na 3 (majengo ya abiria uwanjani), kwenda Birmingham, Leicester, Bristol na kwingineko bila kupita katikati ya jiji. Kwa familia yenye mabegi mengi mara nyingi hili ndilo jibu bora, ingawa wengi hawalifikirii kwa sababu treni inasikika kuwa ya haraka. Soma tu masharti yao ya mizigo kabla ya kulipa: begi ambalo ndege ililikubali linaweza kuzidi uzito unaoruhusiwa kwenye basi.

Reli tatu kutoka uwanjani

Heathrow Express inakwenda Paddington tu, dakika 15 kutoka stesheni ya Terminal 2 na 3, na kama dakika 21 kutoka Terminal 5. Ina rafu za mabegi na nafasi ya kutosha. Haifiki Terminal 4. Ukishukia huko, panda Elizabeth line hadi Terminal 2 na 3. Safari ya treni kati ya majengo ya uwanja ni bure.

Elizabeth line, iliyofunguliwa mwaka 2022, inafika Paddington kwa takriban nusu saa, halafu inaendelea hadi Farringdon na Liverpool Street bila kubadili. Stesheni zake zote zinafikika bila kupanda ngazi. Kwa familia nyingi hii ndiyo tunayoipendekeza. Hata wanaokwenda St Pancras au King's Cross wanaweza kuitumia: shukeni Farringdon, pandeni treni ya Thameslink inayoelekea kaskazini kituo kimoja tu, mtakuwa mmefika St Pancras, na lifti zipo njia nzima.

Piccadilly, treni ya chini ya ardhi, ndiyo ya bei nafuu, na inafika King's Cross St Pancras bila kubadili kwa karibu saa moja. Mkipandia Heathrow mtapata viti. Ugumu ni kwamba mabehewa ni membamba, nafasi ya mabegi ni ile ndogo karibu na milango, na ndege nyingi za usiku kutoka Afrika Mashariki hutua alfajiri, kwa hiyo mtaingia jijini pamoja na wafanyakazi wote wa asubuhi. Mabegi mawili na watoto wakubwa, sawa. Kigari na mabegi manne kabla ya saa 3:30 asubuhi, hapana.

Euston inahitaji onyo la peke yake. Stesheni ya treni za chini ya ardhi pale Euston haina lifti ya kutoka majukwaani. Ramani ya simu itakuambia ubadili treni kisha ushuke Euston, na utajikuta chini ya ngazi za umeme na kigari mkononi. Afadhali mfike Paddington, mtoke nje na kuchukua teksi nyeusi kwa kipande hicho kifupi, au basi namba 205 linalopita Euston. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu, na dereva anaweza kukutaka ukunje kigari ikiwa abiria wa kiti cha magurudumu anahitaji nafasi.

Nauli, na pale ambapo ya juu si ya juu

Kwa nauli za 2025, mtu mzima alilipa pauni 5.80 kwa Piccadilly hadi katikati ya London, pauni 13.90 kwa Elizabeth line, na pauni 25 kwa Heathrow Express akinunua siku hiyohiyo. Akinunua mapema huweza kupata kwa bei ya chini sana. Wazazi wawili wenye watoto wadogo walilipa pauni 11.60, 27.80 na 50. Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi kwenye Piccadilly wala Elizabeth line wakiwa na mtu mzima, hadi watoto wanne kwa mtu mzima mmoja.

Mambo hubadilika watoto wakiwa na miaka 11 hadi 15. Express huwachukua bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa. Kwenye Elizabeth line, kila mmoja akigusa kadi ya benki kwenye kisomaji cha getini anatozwa nauli ya mtu mzima. Wazazi wawili na vijana watatu ni watu watano mara 13.90, yaani pauni 69.50 kwa nauli hizo za 2025, wakati Express ingewagharimu 50 na kuwafikisha nusu ya muda. Dawa yake ni kadi ya Oyster, kadi ya nauli ya London, yenye punguzo la wageni vijana, Young Visitor: mfanyakazi wa stesheni huiweka kwenye kadi ya mtoto, naye analipa nusu kwa siku 14. Mashine haiwezi kuiweka, kwa hiyo mtafuteni mfanyakazi kabla ya kupita getini.

Kila anayelipa lazima awe na kadi yake. Kadi moja haiwapitishi watu wawili. Kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo ndani ya simu huhesabiwa kuwa kadi mbili tofauti, kwa hiyo baba anaweza kugusa simu na mama akagusa kadi. Lakini ulichogusa kuingilia ndicho uguse kutokea. Ukichanganya, mfumo unaona safari mbili ambazo hazikukamilika na unatoza kiwango cha juu kwa zote mbili.

Na jambo moja linalowaponza wengi: katika Terminal 2 na 3, na pia Terminal 5, Express na Elizabeth line hupita kwenye stesheni ileile. Treni ya kwanza kuingia siyo lazima iwe yenu. Soma jina kwenye ubao na ubavuni mwa treni kabla ya kupakia begi la kwanza, la sivyo mtagusa kadi Paddington na kukatwa nauli ya Express.

Getini, kwenye lifti, mlangoni

Tumieni geti pana, lile lenye alama ya kigari na begi. Mtu mzima wa kwanza aguse na kupita na watoto, asimame pembeni mbali na njia. Wa pili asogeze mabegi karibu, ndipo aguse. Ukigusa kwanza kisha ukageuka kuchukua begi, geti linafunga, na kadi ikiguswa tena inakataa. Likitokea hilo usihangaike nalo, mwite mfanyakazi.

Ngazi za umeme ziacheni. Begi la kilo 23 likikuponyoka juu linashuka kwa kishindo hadi kwa watu walio chini. Lifti ni ya polepole na mara nyingine mtapanda mbili au tatu kabla ya kufika barabarani, kwa hiyo ongezeni dakika kumi kwa kila stesheni.

Mlangoni mwa treni, mpangilio ni huu: mtu mzima mmoja anaingia kwanza na kuwapokea watoto, mabegi yanafuata, mtu mzima wa pili anaingia mwisho. Kushuka vivyo hivyo: mmoja chini, watoto, mabegi, wa pili mwisho baada ya kutazama nyuma kama kuna kilichosahaulika. Milango ya Piccadilly haisubiri. Wafundisheni watoto mapema: ukibaki ndani ya treni peke yako, shuka kituo kinachofuata na usimame hapohapo jukwaani, tunakuja. Ukibaki jukwaani, usisogee. Namba ya simu ya mzazi iwe kwenye karatasi mfukoni mwa kila mtoto.

Bibi au babu asiyeweza kutembea mbali aombewe kiti cha magurudumu kupitia shirika la ndege angalau saa 48 kabla. Kwa upande wa treni kuna huduma ya bure ya Passenger Assist, inayoombwa hadi saa mbili kabla ya kusafiri. Hizi ni huduma mbili tofauti, ukiomba moja hujaomba nyingine.

Tiketi ya treni ya mbali

Tiketi ya Advance ni ya bei nafuu kwa sababu inakufunga kwenye treni moja. Ndege ikichelewa, tiketi hiyo haikusaidii. Kutoka kutua hadi kutoka nje ya jengo wekeni saa mbili: kutembea kutoka kwenye ndege, foleni ya pasipoti, kusubiri mabegi. Walio na pasipoti ya Uingereza wakumbuke kuwa mtoto aliye chini ya umri uliowekwa hapiti mageti ya kielektroniki, kwa hiyo atapanga foleni ya afisa, na mzazi pamoja naye. Sisi tungeacha saa nne kamili kati ya kutua na treni ya Advance, au tungenunua Off-Peak inayokubali treni zaidi ya moja, baada ya kuangalia inaanza kutumika saa ngapi asubuhi ya siku za kazi. Mwenye mtoto wa miaka 5 hadi 15 apige hesabu ya Family & Friends Railcard, kadi ya punguzo la treni: inapunguza theluthi moja ya nauli ya mtu mzima na asilimia 60 ya mtoto, na mara nyingi inajilipa kwa safari moja. Walio chini ya miaka 5 hawalipi.

Usiku wa kuamkia safari, angalieni kama reli yoyote imefungwa kwa matengenezo, hasa wikiendi. Tarehe 25 Desemba treni hazitembei kabisa.

Stesheni ikishatangaza namba ya jukwaa, mara nyingi mnabaki na dakika kumi hivi, na milango hufungwa kabla ya saa ya kuondoka yenyewe. Pale Euston umati mzima huondoka kwa mkupuo. Simameni karibu na mageti mkiwa mmeshajipanga, mmoja aende mbele na begi kubwa kuliko yote, kwa sababu rafu zilizo mwisho wa behewa hujaa mapema. Begi linalobaki kwenye njia ya kupita huhamishwa na wengine, na huenda mkalitafuta behewa la tatu mkifika. Weka kubwa chini, na dawa, maziwa ya mtoto na pasipoti kwenye begi la mgongoni ambalo halitoki mwilini mwa mtu mzima hadi mfike.