Kifaa Kikinyamaza: Ninavyotafuta Chanzo Programu ya Mtandao Inapokosa Kukiona

Juu ya paa la jengo moja la orofa saba kule Pipeline, Embakasi, tuna kisanduku cha chuma chenye swichi, ruta ndogo na betri. Juzi tulibadilisha swichi hiyo. Wateja wakarudi mtandaoni, keateka akafunga mlango wa paa nyuma yetu, tukashuka ngazi tukijua kazi imekwisha. Kufika ofisini tukakuta programu ya kusimamia mtandao imeiandika swichi ile kwa rangi nyekundu. Wateja zaidi ya arobaini wanapata intaneti kupitia swichi hiyo hiyo, na programu inasema swichi haipo.

Kijana ninayefanya naye kazi akasema, "Dada, wacha niifute niiongeze upya." Nikamzuia. Ukikifuta kifaa unafuta na grafu zake zote, na siku mteja akilalamika kwamba intaneti imekuwa ikizorota tangu mwezi uliopita, hutakuwa na cha kumwonyesha. Tena kufuta hakutibu kitu, kwa sababu ugonjwa haumo ndani ya orodha ya programu. Karibu kila mara umo kwenye njia au kwenye kifaa chenyewe.

Programu yangu ya kusimamia mtandao ni LibreNMS, na iko kwenye seva ya Debian, aina moja ya Linux. Ikiwa wewe unatumia Zabbix au nyingine, majina ya menyu yatatofautiana, lakini nazo huviuliza vifaa vya aina hii kwa SNMP, lugha ya kuuliza vifaa vya mtandao hali zao, kwa hiyo mengi ya hapa yatakufaa.

Anza kwa kusimama pale programu inaposimama. Ingia kwenye seva yenyewe kwa SSH, yaani kwa amri kutoka mbali, ujaribu kutokea hapo. Usijaribu kutoka kwenye laptopu yako. Laptopu yako iko kwenye VLAN nyingine, yaani kipande kingine cha mtandao, ina anwani nyingine, na huenda faiwoli, mlinzi wa kupitisha au kuzuia data, inairuhusu huku ikiizuia seva. Nimewaona mafundi wazuri wakipoteza mchana mzima kwa sababu hii moja. Ukishaingia, uliza maswali mawili, la kwanza (ping) likiuliza tu kama kifaa kipo:

ping 10.20.4.12
snmpget -v2c -c NENO 10.20.4.12 1.3.6.1.2.1.1.5.0

Weka anwani ya kifaa chako, na mahali pa NENO uweke neno la siri la SNMP, lile mafundi wanaloita komyuniti. Ile namba ndefu inauliza jina la kifaa. Kikikujibu kwa jina lake, basi njia iko wazi, neno ni sahihi, na hapo ndipo una haki ya kuanza kuishuku programu.

Kisipojibu, soma kimya chake vizuri. SNMP husafiri kwa UDP, njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho, kwenye mlango namba 161 (mlango huu ni namba ya huduma, si tundu la waya), na UDP haina salamu ya kufungua mazungumzo. Katika toleo la 2c, kifaa kikipewa neno lisilo sahihi hakimwambii aliyeuliza kwamba amekosea. Hunyamaza tu. Kwa hiyo neno lenye kosa, faiwoli iliyofunga, anwani isiyo yake na huduma iliyozimwa vyote vinakuletea ujumbe ule ule mmoja: Timeout. Ujumbe huo unasema hakuna jibu lililofika, basi. Fundi anayeusoma kana kwamba unasema "kifaa kimekufa" atapanda ngazi za orofa saba bure.

Kuna njia ya kutenganisha vimya hivi. Fungua dirisha la pili kwenye seva, uandike amri hii inayoonyesha kila pakiti, yaani kipande cha data, inayopita:

tcpdump -ni any udp port 161

Sasa rudia swali lako kwenye dirisha la kwanza. Utaona pakiti ikitoka. Je, kuna inayorudi? Ikiwa inarudi kutoka anwani tofauti na ile uliyouliza, umepata jibu lako: kifaa kina anwani kadhaa, kinajibu kwa anwani nyingine, na jibu halikubaliki kwa sababu halikutoka kwa aliyeulizwa. Kipangie anwani moja ya kujibia. Ikiwa hakuna kinachorudi kabisa, nenda upande wa kifaa uangalie kama swali linafika. Kwenye ruta za MikroTik utaliona kwa Torch, chombo cha kutazama data inayopita, ndani ya Winbox, programu ya kuzisimamia ruta hizo. Swali likifika lakini jibu lisitoke, kosa liko kwenye faiwoli ya kifaa chenyewe, kwenye huduma ya SNMP, kwenye neno, au kwenye orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuuliza. Lisipofika, kosa liko njiani.

Swichi yetu ya Pipeline haikujibu ping wala SNMP kutoka kwenye seva. Lakini nilipoingia kwenye ruta iliyo kisanduku kimoja nayo na kuipigia ping kutoka hapo, ilijibu mara moja. Nikajua. Swichi mpya ilikuwa imepewa anwani na barakoa (namba inayoonyesha mwisho wa sabneti, yaani kundi lake la anwani), lakini haikupewa geti ya kutokea, yaani anwani ya ruta ya kuifikisha nje ya kundi hilo. Swichi ya tabaka la pili haihitaji geti ili kupitisha data ya wateja, maana yenyewe inatazama anwani za MAC tu, zile za kiwandani za kila kifaa. Geti inahitajika pale swichi inapotaka kumjibu mtu aliye kwenye sabneti nyingine, kama seva yetu. Swali lilikuwa linafika kwake, jibu likakosa pa kupitia. Nikaingia kutoka kwenye ruta hiyo hiyo kwa amri ya /system ssh, nikaandika geti, nikahifadhi. Hatukurudi Pipeline.

Kwa hiyo ukiona wateja wanafanya kazi na swichi haionekani, jaribu kutoka kwa jirani yake wa sabneti moja kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Hali ya pili ni ping kujibiwa na SNMP kunyamaza. Hapa mimi huanza na neno lenyewe. Maneno ya siri katika kazi yetu hutumwa kwa WhatsApp, hunakiliwa kwa simu, na simu hupenda kuanza kwa herufi kubwa au kuacha nafasi mwishoni. SNMP hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na nafasi ya mwishoni ni sehemu ya neno. Liandike upya kwa mkono. Halafu tazama anwani zinazoruhusiwa: seva ikihamishiwa anwani mpya, kila kifaa kilichoiruhusu anwani ya zamani kitainyamazia, na utaona mtaa mzima umegeuka mwekundu kwa wakati mmoja.

Halafu faiwoli. Kwenye RouterOS, mfumo wa ruta za MikroTik, kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na kanuni mpya unayoongeza huenda mwisho wa orodha. Ukiongeza ruhusa ya mlango 161 ikakaa chini ya kanuni inayotupa kila kitu, haitafikiwa kamwe. Ivute ipande juu ya ile ya kutupa. Hesabu ya pakiti iliyo pembeni ya kila kanuni itakuambia ukweli: ikibaki sifuri huku unauliza, pakiti hazikuifikia.

Kwenye seva za Debian na Ubuntu kuna mtego mwingine. Huduma ya snmpd ikisakinishwa husikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani inajijibu yenyewe tu. Fungua /etc/snmp/snmpd.conf, urekebishe mstari wa agentaddress uwe na anwani ya mashine. Ukishafanya hivyo utapata jina la seva lakini hutaona kadi zake za mtandao wala diski, kwa sababu ruhusa ya mwanzo imefungwa kwenye mwonekano mdogo unaoitwa systemonly. Andika mstari wa rocommunity wenye neno lako na anwani ya seva ya usimamizi, bila kuufunga kwa mwonekano huo.

Nakusihi, katika kujaribu-jaribu huku usiweke neno "public" na kuruhusu dunia nzima "kwa dakika tano tu". Dakika tano hizo husahaulika. Mlango 161 ulio wazi kwenye intaneti humwonyesha mgeni ramani ya mtandao wako, na hutumiwa kuwapiga watu wengine kwa mafuriko ya majibu makubwa kwa maswali madogo. Ruhusu anwani moja, ile ya seva yako.

Hali iliyonisumbua zaidi katika miaka yangu ya kazi ni ile ya nusu jibu. Kifaa kinataja jina, programu inakikubali, halafu ugunduzi wa milango yake, safari hii yale matundu ya nyaya, unakwama na grafu hazitokei. Ilinikuta kwenye ruta moja ya Rongai ambayo tunaifikia kwa handaki la WireGuard, yaani njia ya siri iliyopitishwa ndani ya intaneti. Nilibadilisha neno, nikabadilisha toleo, nikawasha upya, hali ikabaki ile ile. Kilichonifungua macho ni kulinganisha amri mbili: snmpwalk, inayouliza kimoja kimoja, ilimaliza orodha yote, snmpbulkwalk, inayoomba vingi kwa mkupuo, ilikwama. Majibu madogo yalipita, makubwa hayakupita. WireGuard kwa kawaida hubeba pakiti ya baiti 1420, si 1500, hivyo jibu kubwa hukatwa vipande, na faiwoli iliyokuwa katikati ilikuwa inavitupa vipande.

Unaweza kulithibitisha kwa ping isiyoruhusu kukatwa:

ping -M do -s 1392 10.30.0.1

Namba hiyo pamoja na vichwa vya baiti 28 inafika 1420 kamili. Ikipita hiyo na isipite 1472, umeijua njia yako. Kisha ruhusu vipande kwenye faiwoli, au kwenye ukurasa wa kuhariri kifaa ndani ya LibreNMS upunguze idadi ya majibu yanayoombwa kwa mkupuo. Mimi nilianza na 10, ikatosha.

Toleo la 3 la SNMP lina usiri wa kweli, na ningependa kila mtu alihamie. Pia haliko bubu kama 2c: ukikosea jina la mtumiaji, kifaa kinakuambia hakimjui. Kwalo, hakikisha mambo matatu yanafanana pande zote mbili: kiwango cha ulinzi, aina ya uthibitisho kama SHA, na aina ya usimbaji kama AES. Neno la siri lisipungue herufi 8. Na unapobadilisha kifaa, usinakili ufunguo uliokwisha kusagwa, yaani neno la siri lililogeuzwa kuwa msimbo, kutoka kwenye usanidi wa kifaa cha zamani. Ufunguo huo umefungwa na kitambulisho cha injini ya SNMP ya kifaa kile, ambacho ni chake peke yake, kwa hiyo kwenye kipya hautafanya kazi hata ukiwa sahihi herufi kwa herufi. Andika neno la siri upya. Wenye Zabbix, kifaa kipya kikikaa na anwani ya zamani, amri ya zabbix_server -R snmp_cache_reload huifanya isahau kumbukumbu za kile cha kwanza.

Kama programu haijakiona kifaa hata mara moja, angalia upana wa anwani ulioipa iutafute. Tulikuwa na mtaa wa 10.20.4.0/23, mtu akaandika /24, ambayo ni nusu ya upana huo, na kila kifaa kilichoanzia 10.20.5.0 hakikuwahi kutafutwa. Vifaa vilivyo nyuma ya NAT, yaani vilivyofichwa nyuma ya anwani moja ya pamoja, usivitafute, havifikiki hadi uweke handaki.

Upande wa usanidi, adui wetu mkubwa hapa Nairobi ni stima. Fundi anaingiza mabadiliko kwenye swichi, yanafanya kazi, anaondoka bila kuyahifadhi. Wiki mbili baadaye stima inapotea, betri inaisha, na ikirudi swichi inaamka na usanidi wa zamani, bila SNMP. Kwenye swichi za Cisco andika copy running-config startup-config kabla hujafunga dirisha. RouterOS hujihifadhia yenyewe, isipokuwa ukiwa ndani ya Safe Mode, hali ya majaribio ambayo hurudisha mabadiliko nyuma ukikatika.

Baadhi ya vifaa vikiwaka upya huipa milango yao namba mpya za ndani, na grafu ya mteja mmoja ikaanza kuchora data ya jirani yake. Ukiona matumizi yameruka ghafla siku ya stima, shuku hilo kwanza. Na grafu ikionyesha kasi ndogo isiyoaminika kwenye mlango wa gigabiti, angalia kama inasoma kihesabio cha biti 32: kwa kasi hiyo hujaa na kuanza sifuri kila sekunde 34 hivi, ilhali programu hupita kila dakika 5. Dai vihesabio vya biti 64, ambavyo toleo la 1 la SNMP haliwezi kuvibeba.

Ukisharekebisha, usiuone wekundu uliobaki ukaanza kubadilisha mambo tena. Kwa kawaida LibreNMS hupitia vifaa kila dakika 5, lakini ugunduzi wa milango mipya huja kila saa 6. Ukitaka kuona mara moja, tumia lnms device:poll 10.20.4.12 -vv usome inachosema mstari kwa mstari. Kijana wangu aliiendesha jioni ile, swichi ya Pipeline ikageuka kijani, na grafu yake ikaendelea kutoka pale ilipokatika, ikiwa na pengo la saa mbili na nusu tu. Sasa kwenye daftari la kubadilishia swichi ameongeza mstari chini ya anwani na barakoa: geti.