Somo: Posta hadi Kariakoo kwa miguu

Wakuu, wengi wetu Dar tunaijua kupitia dirisha la daladala. Tunashuka Posta, tunakimbilia benki, tunapanda tena. Somo hili ni la kuutembea mjini kati kwa kufuata jinsi mji wenyewe ulivyokua, yaani kutoka baharini kwenda bara. Ukianzia Kariakoo utachoka bure, na hutaelewa kwa nini mitaa inabadilika sura ghafla.

Hatua ya 1: Chagua siku. Jumapili, saa moja asubuhi. Jua ni sababu moja, lakini kubwa zaidi ni kwamba siku za kazi macho hayapandi juu ya mabango. Magari, honi, wapiga debe, utatazama chini tu usigongwe. Jumapili maduka ya Posta yamefungwa na mtaa uko wazi. Vaa raba, beba maji.

Hatua ya 2: Anzia Boma la Kale, Sokoine Drive, mkabala na zinakopandiwa boti za Zanzibar. Lilijengwa miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, kwa mawe ya matumbawe. Simama dirishani uone unene wa ukuta. Kisha inua kichwa utazame minara ya vioo iliyoota jirani. Kabla ya Wajerumani mji ulikuwa huu, vijumba na majumba machache yaliyoitazama bandari.

Fuata bahari upite Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Walutheri la Azania Front. Yote mawili yalikamilika mwaka 1902. Pita tu, picha zake umeziona sana. Pandisha Mtaa wa Azikiwe.

Hatua ya 3: Sanamu la Askari. Hapa usiwe na haraka. Liliwekwa mwaka 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu la gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, ambalo Waingereza waliling'oa walipouteka mji mwaka 1916. Askari wa shaba ameshika bunduki yenye singe inayoelekea bandarini. Sasa soma maandishi kwenye nguzo: wanakumbukwa askari, na wanakumbukwa pia wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Hao wapagazi washike kichwani, tutakutana nao mbele.

Hatua ya 4: Uhindini. Kutoka Barabara ya Samora, hapo penye sanamu, ingia Mtaa wa India, zunguka Zanaki, Jamhuri, Indira Gandhi, hadi Kisutu kwenye mahekalu. Kanuni ni moja: tazama juu ya kibao cha duka. Duka la chini limebadilika mara nyingi, jana vitambaa, leo simu, lakini ghorofa ya kwanza mara nyingi bado ni ileile. Utaona roshani za zege zilizopinda kwenye kona, na kileleni jina la familia au mwaka wa ujenzi umefinyangwa kwenye saruji. Kamba ya nguo imefungwa kwenye roshani, maana bado kuna watu wanaishi humo.

Katikati ya majengo mawili ya namna hiyo utakuta uzio wa mabati. Chungulia. Ni shimo la msingi wa ghorofa jipya, na ukuta wa jirani bado una alama za ngazi za nyumba iliyobomolewa. Mimi siwalaumu wanaojenga. Kiwanja cha mjini ni pesa. Ninachowalaumu ni kubomoa bila hata kupiga picha moja.

Kunywa chai hapa. Mkoa mzima hautakupa bajia bora kuliko za mitaa hii, na sitaki ubishi.

Hatua ya 5: Vuka Mnazi Mmoja. Uwanja huu haukubaki wazi kwa bahati. Wajerumani waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi na Waingereza wakaendeleza: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika ng'ambo ya uwanja. Vuka ukiwa na hilo akilini.

Hatua ya 6: Kariakoo. Ndipo ilipokuwa kambi ya wale wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, na jina Kariakoo limetokana na hao. Askari amepewa shaba pale Samora, wapagazi wamepata mtaa mzima, na nadhani wao ndio waliopata kilicho bora. Tembea Mtaa wa Kongo, Sikukuu, Narung'ombe. Ghorofa ndefu unazoziona zimesimama kwenye viwanja vilevile vya nyumba za vyumba sita, zile zenye ukumbi katikati na ua nyuma. Ndiyo maana zinakaribia kugusana. Ukiona nyumba ya chini iliyosalia, msalimie aliye barazani kabla ya kuitazama.

Malizia sokoni. Jengo hilo la mwaka 1975 lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na paa lake la miavuli ya zege lilikusudiwa pia kukusanya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021, likaingia kwenye ukarabati.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikipiga picha sitasumbuliwa?
Majengo ya kawaida hapana. Ikulu, bandari na sehemu za ulinzi, simu iwe mfukoni. Mtu na biashara yake, omba kwanza.

Shikamoo kaka. Nataka kwenda na mama, ana miaka 70 na goti linamsumbua.
Marahaba mdogo wangu. Gawa mara mbili. Siku ya kwanza hatua ya 2 hadi ya 4, mwisho chai. Siku nyingine mpeleke Kariakoo kwa gari. Muulize yeye duka gani lilikuwa wapi, utajifunza kuliko kwenye somo langu.

Mbona unatusifia majengo ya wakoloni?
Soma tena. Boma ni la Majid, maghorofa ya Uhindini yalijengwa na wafanyabiashara, soko ni la Amuli. Na mgawanyo wa Mnazi Mmoja sikuusifia.

Mimi wa Tanga. Njia hii inafanya kazi huku?
Sana. Anzia bandarini, pita mjini, vuka reli uingie Ngamiani, halafu fuata barabara kwa namba zake. Ukipata picha za nyumba za zamani za huko, zilete hapa pamoja na jina la barabara.